Msiba wa Worku

Tangu itangazwe kwamba kiwanda chao cha viatu pale Addis Ababa kimeuzwa, na hakuna ajuaye nani atabaki, Tsehaynesh, mkuu wa ofisi, alikuwa akifanya kazi za watu wanane. Hata funguo za stoo alilala nazo. Alhamisi asubuhi akakuta ofisi tupu. Akampigia msaidizi wake, Mulugeta.

"Mmegoma?"

"Tuko msibani, mkuu. Mwenzetu Worku kafiwa na mama yake. Jana nilikuja kukwambia, ukasema niandike karatasi niiweke mezani. Nikaandika."

Karatasi ilikuwepo kweli, chini ya kikombe chake cha kahawa.

Alipofika kwenye hema la waombolezaji, wanawake wote walikuwa wamejitanda shuka nyeupe, pindo la rangi likizunguka uso kama desturi ya msiba inavyotaka. Yeye alivaa koti la ofisini, kalamu sikioni. Worku, macho mekundu, akasimama upesi kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mkuu, nisamehe. Ile ripoti nitaileta Jumatatu."

Tsehaynesh alitamani hema limwangukie.

"Kaa, ndugu yangu," akasema. "Nimekuja kukupa pole. Nimechelewa."

Simu yake ikaita. Ni wenye kiwanda wapya. Akampa Mulugeta.

"Ongea nao wewe."

"Mimi? Nikikosea?"

"Utakosea," akasema, akiketi chini na wengine. "Lakini kwa kukosea hutanifikia mimi."