Walarasi Uani kwa Cornel

Cornel, mmiliki wa duara, yaani shimo la dhahabu, refu kuliko yote nje kidogo ya Geita, alivunja kambi ya wachimbaji wake iliyokuwa pembeni mwa shimo ili apate pa kumwaga mawe. Tangu siku hiyo walilala kijijini, wakawa wanatembea saa mbili na nusu kabla ya kushuka chini kuchimba. Walipodai kambi yao, Cornel aliwalipia kibanda cha video mchana wa Jumapili, na soda juu. Aliamini mtu aliyekunywa soda hudai polepole.

Filamu ya ngumi ilikwama. Ikachezwa ya wanyama.

"Fasiri uwafundishe uvumilivu," Cornel alimnong'oneza Nelly, mfasiri wa kibanda.

Nelly akashika kipaza sauti. "Huyu ni walarasi, mnyama wa bahari ya barafu mwenye meno kama ya tembo, mzito kuliko ng'ombe wawili. Anakula chaza walioko chini kabisa ya bahari."

"Anawachimba kwa hayo meno?" aliuliza Nkwabi, mchimbaji aliyekaa mbele.

"Hapana. Anapapasa kwa masharubu, gizani."

"Bila tochi!" Nkwabi akadakia. "Luka, ndugu yako huyo!"

Kibanda kizima kikacheka, Luka mchimbaji mwenzake akiwamo, akishika masharubu yake.

"Akichoka," Nelly aliendelea, "hupanda juu ya barafu inayoelea palepale penye chakula. Anapumzika, anashuka tena. Sasa bahari imepata joto, barafu inayeyuka. Analala ufukweni, mbali, na anaogelea mno kabla ya kupata chaza wa kwanza."

Luka akayaachia masharubu yake.

"Waambie wanavumilia!" Cornel alisema.

"Bosi anasema wanavumilia," Nelly akatangaza. "Filamu inasema wanakonda."

Kwenye runinga, maelfu ya walarasi walikuwa wamerundikana ufukweni, wakilaliana.

"Kwetu sisi," Nkwabi aliuliza taratibu, "pa kujilaza karibu na duara ni wapi?"

"Uani kwa bosi," alisema Luka. "Hatua hamsini."

Jumatatu asubuhi Cornel alifungua mlango, mswaki mdomoni. Wachimbaji arobaini na mmoja walikuwa wamejilaza uani kwake, kutoka ngazini hadi chini ya gari.

"Shikamoo, bosi!" walimwamkia kwa pamoja, bila kuinuka.

"Huu ni uvamizi! Ondokeni!"

"Yaya, bosi," Nkwabi alikataa kwa Kisukuma, kwa heshima zote. "Tunapumzika tu, halafu tunashuka."

Cornel alitafuta pa kukanyaga afike kwenye gari lake. Hapakuwapo.

Siku ya tatu mawe yakaanza kuhamishwa na nguzo za kambi zikasimikwa. Cornel alialika redio ya mjini, akaeleza kwa kirefu jinsi alivyoguswa na mabadiliko ya tabianchi.