Kengele ya Akina Garrod

Bi Keziah Garrod aliiweka saa juu ya meza yangu asubuhi moja ya Januari, mwaka 1953, imeviringishwa katika blanketi la farasi. Ilikuwa saa ya shaba yenye umbo la taa na mshale mmoja tu, kongwe ya miaka karibu mia tatu. Mafundi wengi walishaichokonoa. Gurudumu lake la asili lililoongoza mwendo lilitolewa, kikawekwa kibembea, kile kining'inio kinachoyumba huku na huku. Katikati ya uso wake, palipokuwa na kisahani cha kengele ya kuamshia, palikuwa pamezibwa kwa shaba ya rangi nyingine.

"Nirudishie kengele, fundi," alisema. "Hayo mengine yaache."

"Bibie, watu wa shamba nao wanaamshwa na kengele? Majogoo wamegoma?"

Hakucheka. Alisema kwamba enzi za babu wa babu yake kengele hiyo ililia yenyewe mara tatu, na kila mara, kabla jua halijatua, alikufa mtu nyumbani. Wakaing'oa.

"Wakadhani wameng'oa kifo," alisema. "Kikaendelea kuja, ila bila hodi. Baba alianguka zizini mchana kweupe, mimi niko sokoni nauza mayai. Sasa kabaki kaka yangu Jabez, na moyo wake mbovu. Sitaki kuwa sokoni tena."

Nilichonga vyuma vipya kwa wiki tatu. Alipokuja kuichukua, nilimpa kamba na uzito wa madini ya risasi unaoivuta kengele. Akausukuma uzito pamoja na kamba yake upande wangu.

"Bila huu haiwezi kulia," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nauacha. Ikilia, nijue imelia yenyewe."

Sikulala vizuri usiku huo.

Mwezi Machi akaja mwanamume mwenye mabega mapana, amepakata saa ileile. Nilijua ni Jabez kabla hajasema.

"Ililia Alhamisi," alisema. "Tunakula mkate na mafuta ya nyama, ikalia mpaka vikombe vikatetemeka. Haina kamba, haina uzito. Keziah akanifichia viatu. 'Leo hutoki!' Nikamwambia, 'We dada, utanilalia kama yai?' Akanipiga na kitambaa cha vyombo."

Jirani aliwakamulia ng'ombe. Wao wakakaa jikoni kutwa, wakicheza domino, wakigombana kuhusu mbwa aliyekufa wakiwa watoto. Kila Jabez alipokohoa, dada yake alimshika mkono.

"Saa kumi Keziah akainuka kumimina chai. Akaitua birika mezani taratibu, halafu akakaa sakafuni. Nikadhani ananitania. Hakuinuka tena. Siku nzima alikuwa ananiangalia mimi, fundi. Hakujiangalia."

Nilikuwa nimeshashika bisibisi. "Niing'oe?"

"Thubutu! Tangu utotoni hatukuwahi kukaa pamoja siku nzima, hadi ilipolia. Waliobeba jeneza wamekigonga kibembea, kimepinda. Hicho tu."

Nikakinyoosha. Muda wote nilikwepa kuitazama ile kengele niliyoichonga mwenyewe.

Jabez aliishi miaka sita zaidi, peke yake. Jirani yake aliniambia kwamba kila asubuhi alikaa mbele ya ile saa bila kusema, chai ikipoa mkononi, hadi aridhike na ukimya wa kengele. Ndipo alipofungua mlango.