Tutampigia Tukifika Ziwani

Miaka na miaka Otilia alikuwa anamsumbua mumewe kuhusu ziwa. Majirani zao wa Malvern, huko ughaibuni walikohamia, karibu wote walishakwenda kwenye maziwa ya Muskoka kuona majani yakigeuka rangi. Wao kila mwaka ni Leonce na lile ghala lake la kazini, kule Downsview, kazi, kazi, kazi! Basi Oktoba ile Leonce akasalimu amri. Akaomba ruhusa ya Jumamosi na Jumapili, wakapakia chupa ya chai na maandazi, haoo, wakaondoka.

Otilia aliongea njia nzima. Alikuwa amemwahidi mama yake, kule Bukoba, kwamba wakifika ziwani atampigia simu amsikilizishe maji. Mama alikuwa anaumwaumwa tangu Pasaka, na ahadi hiyo ilikuwa imemchekesha sana.

Walipofika mji wa Barrie, katikati ya njia, waliingia sheli kuweka mafuta. Otilia alikuwa msalani simu ya Leonce ilipolia. Alikuwa Godson, mdogo wake Otilia.

"Shemeji, hali ya mama si nzuri," alisema. "Si nzuri kabisa. Dada yuko hapo?"

Leonce akaelewa papo hapo. Nani asiyejua mambo yetu? Kwetu msiba hautangazwi hivi hivi kwa simu. Mtu akishafariki, mwanawe aliye mbali huambiwa mzee anaumwa, halafu amezidiwa, anapelekwa polepole hivyo hivyo mpaka afike penye watu wa kumshika. Hata baba yake Leonce, siku Leonce anaambiwa ni mgonjwa, mzee alikuwa keshalala mochwari.

"Nimekuelewa, shemeji," akasema haraka. "Tuko njiani, usiseme zaidi. Nitamfikisha nyumbani kwanza."

"Lakini shemeji, sikiliza..."

Leonce akakata. Akampigia Sara, kiongozi wa jumuiya yao ya kanisani, waliyemwachia ufunguo wa nyumba, akamwambia mama mkwe amefariki.

"Masikini Otilia!" Sara akaguta. "Usimwambie barabarani, baba. Tupe mpaka jioni tukusanyike hapo kwenu."

Akaizima simu yake. Akaichomoa ya Otilia kwenye mkoba aliouacha garini, akaizima nayo, akaitia mfukoni. Otilia akarudi akiimba. Angegeuza gari, angesema nini? Leonce aliendesha, mkewe akimlisha maandazi kwa mkono wake.

Ziwani Otilia alipiga vigelegele mpaka wazungu wakageuka.

"Jamani, si Bukoba hii! Bukoba iliyotiwa kwenye friji!" Akaokota jani jekundu. "Mama hataamini. Hebu nimpigie. Simu yangu iko wapi?"

Akapekua mkoba, akapekua gari. Leonce alisimama tu, simu ikimwunguza paja.

"Nimeisahau nyumbani, mie na kichwa changu! Nipe yako."

"Imeisha chaji."

"Wanaume nyie! Haya, maji yapo tu, hayakimbii. Hata kesho." Akacheka. Leonce alitazama pembeni. Alimwonea huruma hadi akajichukia, na hakuwa na la kufanya.

Baada ya chakula akamdanganya kwamba kazini mwishowe walimpa Jumamosi tu, kesho alfajiri ana zamu, lazima warudi.

"Hata usiku mmoja, Leonce? Usiku mmoja tu umekushinda?"

Otilia akaingia garini. Alikaa na jani lake mapajani, amevimba, mpaka Malvern.

Mlangoni kwao kulikuwa na viatu vimejaa. Otilia akavitazama, akamtazama mumewe. Sara akatokea amejifunga khanga kiunoni, akamkumbatia kabla hajauliza. "Pole mama. Mama yetu ametutoka." Uwi! Kilio alichotoa Otilia kilitoa majirani nje. Wanawake wakamdaka, wakamkalisha chini.

Leonce akaenda jikoni, akawasha simu, akampigia Godson. Angalau sasa angeweza kuuliza ya mazishi.

"Shemeji, tunazika lini?"

Godson akapasuka. "Nani kakwambia habari ya kuzika? Mama amekata roho sasa hivi, mikononi mwangu! Tangu jioni ya huku nawapigia, sasa ni usiku wa manane, mmezima simu zote! Alijua anakwenda, shemeji. Alitaka sauti ya dada tu. Kila saa ananiuliza, hivi hawajafika tu huko ziwani?"

"Si uliniambia..."

"Nilikwambia hali si nzuri! Alikuwa mgonjwa, shemeji! Mgonjwa!"

Leonce akashika ukingo wa sinki. Aligeuka, akamwona Otilia amesimama mlangoni, Sara kamshika kwapani, lile jani bado liko mkononi.

"Ni Godson huyo?" Otilia aliuliza, sauti imekauka. "Muulize. Mama aliniulizia?"

Leonce akaibana simu sikioni.

"Mpe dada simu," Godson alikuwa akisema sikioni mwake. "Shemeji, nakwambia mpe dada."

Otilia akanyoosha mkono. Leonce akampa.