Ongeza Sehemu ya Kumi

Neisa Cayuba alipoandika kuuliza kama ni lazima awe na kompyuta nyumbani, chuo cha marubani cha Santa Cruz kilimjibu siku hiyohiyo: si lazima, masomo yote ya nadharia yanafunguka kwenye simu, ila kwa somo la ramani, kompyuta inapendekezwa. Baba yake, mzee Arnulfo, aliposomewa jibu hilo alishika lile neno la kwanza tu. Akasema yeye amerusha ndege jimbo zima la Beni miaka thelathini na moja, akibeba nyama, wajawazito na maiti, na hajawahi kuona kompyuta ikitua kwenye kiwanja kilichojaa ng'ombe.

Neisa alicheka, na kwa kweli alifurahi. Tangu daktari aseme macho ya mzee yameingia ukungu, na leseni ikachukuliwa, mzee alikuwa akishinda kitandani kaupa ukuta uso. Sasa alikuwa na kazi. Kila wiki alikwenda kwa Zulma, mwenye duka la kuchapisha karibu na kanisa, kutoa ramani na maswali yaliyotumwa kwenye simu ya bintiye, akarudi nazo kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Alasiri, kahawa na masaco ya ndizi za kupondwa vikiwa mezani, walipima: baba na kioo cha kukuzia, binti na rula.

Tatizo lilijitokeza mapema. Kila umbali waliopima ulitoka mfupi kuliko jibu la chuo. Mzee hakushangaa hata kidogo. Njia zile alizipita maisha yake yote, na yeye mwenyewe aliona kwamba rula inapunja.

"Karatasi haijui mambo," alisema. "Upepo unakusukuma, wingu unalizunguka. Ukishapima, ongeza sehemu ya kumi. Sisi wa zamani wote tulikuwa tunaongeza."

Neisa akaongeza, na jibu likaangukia palepale pa chuo. Akajaribu swali la pili, la kumi, la hamsini, na kila mara mzee alikuwa sahihi. Kuishi kwingi ni kuona mengi, majirani wakasema, na mzee akaanza tena kunyoa ndevu. Ule ukingo mpana mweupe uliozunguka ramani za Zulma hakuna aliyejiuliza habari zake. Walidhani ni unadhifu.

Masomo mengine yote Neisa aliyapita. Lilibaki hilo la ramani, na Don Tadeo, mwenye ndege ndogo za kukodi palepale mjini kwao Santa Ana, alikuwa amemwekea kiti cha pembeni ya rubani. Afaulu mwezi huu, alisema, la sivyo kiti anapewa mpwa wake. Tangu Don Tadeo aanze biashara, mwanamke alikuwa hajakikalia.

Kwenye mtihani kule Trinidad, makao makuu ya Beni, walipewa ramani za kupimia. Neisa akapima, akaongeza sehemu ya kumi, na kila mara jibu lake alilikuta kati ya majibu manne ya kuchagua, limetulia linamsubiri. Alitoka akitabasamu. Alasiri matokeo yakabandikwa: ameanguka.

Kijana mmoja wa Cochabamba aliyefanya naye mtihani, Ivar, alimkuta amekaa ngazini, akamuuliza alikuwa akipigaje hesabu. Neisa alipomweleza, Ivar akaomba kuiona ramani yake ya kujifunzia. Akaitandika juu ya ile aliyochapisha yeye nyumbani kwao. Mito ileile, mashamba yaleyale, lakini ramani ya Neisa ilikuwa imesinyaa.

"Mashine ya dukani imeipunguza ili ienee kwenye karatasi, dada. Ukichapisha kwa kompyuta, inakuuliza kwanza kama unaitaka kwa ukubwa wake. Hukuulizwa?"

"Sikuulizwa."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya Neisa mwaka mzima yalikuwa kwa baba yake, si kwenye ramani.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira. Tuseme kweli: alimchukia yule mzee, alichukia ubishi wake na miaka yake thelathini na moja, na maneno ya kumwambia aliyapanga moja baada ya jingine mpaka gari likaingia mjini.

Mzee alikuwa langoni, kavaa shati lake la urubani, limepigwa pasi.

"Nimeanguka, baba."

Mzee akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kujibiwa:

"Uliongeza?"

Neisa akamtazama. Macho yale yalikuwa yakiutafuta uso wake na hayakuupata vizuri. Maneno yote aliyokuja nayo alikuwa nayo bado mdomoni, na hata moja halikuwa la uongo.

"Nilisahau, baba," akasema.

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Si nilikwambia, mama? Si nilikwambia?" Akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Basi usilie. Kesho tunaanza upya, mpaka kuongeza kukuingie damuni."

Neisa hakuwa amelia mpaka hapo. Ndipo akalia, na baba yake akambembeleza, akimwambia kwamba kusahau ni kwa kila binadamu.