Unga wa Siku Nane kwa Mwendo wa Saa Moja

Kina mama wa Mgori, mkiambiwa kuna ndege, acheni kinu. Nendeni.

Mwanangu Raheli, wa miaka tisa, alichomwa na kisiki akiokota kuni. Mguu ulivimba mpaka karibu na goti, ukaanza kunuka. Jumanne asubuhi dresa wetu wa zahanati, Idrissa, alikuja na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Mama Raheli, kesho saa tatu asubuhi ndege ya serikali inatoka uwanja wa Singida kwenda Tabora. Kuna nafasi ya mtoto na mama yake. Mlazeni kwenye machela, mtoke sasa hivi."

"Tabora ni mbali, dresa."

"Kwa ndege ni maili mia na arobaini tu. Saa moja na kidogo. Ukinywa uji hapa, unafika hujasikia njaa."

Mama mkwe wangu, Luciana, alicheka. "Saa moja! Marehemu mume wangu alikwenda Tabora siku nane, mzigo kichwani. Mkamwana, utampeleka mjukuu wangu ugenini bila hata kibaba cha unga?"

Sikumbishia. Niseme kweli, nami niliwaza kama yeye. Mtu haendi Tabora mikono mitupu. Nikatwanga uwele, nikapepeta, nikasaga kwenye jiwe mpaka mabega yakafa ganzi. Unga wa siku nane. Kisha nikakaanga karanga.

Idrissa alisimama mlangoni akitazama jua. "Mama, rubani hangoji karanga."

"Na mtoto asile?" mama mkwe akamjibu. "Wewe dresa funga vidonda, mambo ya chungu tuachie."

Tulitoka mbuzi wakirudi zizini. Mume wangu Mughwai na ndugu zake watatu walibeba machela, mimi nikabeba unga. Giza likatukamata, na kwa kuogopa simba tukalala njiani.

Asubuhi, tumeshaanza kuyaona mawe makubwa ya Singida, tukasikia ngurumo. Ndege ikainuka toka uwanjani, ikazunguka juu yetu, nyeupe, ikaelekea magharibi. Raheli akainua kichwa.

"Mama, ile ndiyo ndege yangu?"

"Hapana. Yako bado."

Uwanjani tulikuta alama za magurudumu na mlinzi anazima moto wa moshi, ule wa kumwonyesha rubani upepo.

"Ni ninyi wa Mgori? Amewangoja robo saa nzima," akasema. "Mlikuwa wapi?"

Mughwai akanitazama, akautazama mzigo kichwani pangu.

Tukapata lori la kwenda Itigi siku ya pili, na treni siku ya tatu. Tabora tulifika Jumamosi. Daktari akamkata Raheli mguu juu ya goti. Alisema sumu ilikuwa imepanda siku chache zile. Sikumwuliza ingekuwaje kama tungefika Jumatano. Nilichoka, na jibu nilikuwa nalo.

Pale hospitali walitupa chakula kila siku. Unga nilirudi nao, umeingia wadudu.

Dresa alihesabu toka Singida mpaka Tabora. Mimi nilihesabu safari ya baba mkwe. Toka jikoni kwangu mpaka Singida hakuhesabu mtu.

Siku hizi ndege ikipita, Raheli anasimama na gongo lake, anaitazama mpaka ipotee. Haniulizi tena kama ni yake.