Gololi ya Puge

Fundi Emilian alikuwa na maneno matatu tu ya kumwambia mkwewe asubuhi ile: kanyaga, shikilia, achia. Zaidi ya hayo hakuwa tayari kutoa, na hata hayo aliyatoa kwa shingo upande, kwa sababu huwezi kutoa upepo kwenye breki ukiwa peke yako. Lazima mmoja akae kwenye usukani akanyage pedeli, na mwingine alale chini afungue na kufunga kijinati cha kwenye gurudumu. Msaidizi wake alikuwa ameenda Urambo kulima tumbaku. Mkewe Apolinaria alikuwa na magoti yasiyokubali kupanda wala kushuka. Akabaki Tobias.

Alimchukia Tobias, tuseme hivyo hivyo bila kuzunguka. Miaka minne iliyopita Tobias, mwalimu wa shule ya msingi Bukene, alikuwa akimleta mkewe Advera, binti wa Emilian, kwa wazazi wake Tabora, kwa Corolla hii hii nyeupe iliyokuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Kabla ya kufika Nzega ng'ombe wakakatiza barabara. Tobias akakanyaga breki, gari likazunguka, ubavu wa kushoto ukagonga ukingo wa kalavati. Advera alikuwa amekaa ubavu huo. Yeye Tobias alilazwa siku mbili, akatoka na mkono uliochubuka. Mkono huo Emilian hakuwahi kuusamehe, kana kwamba ungevunjika Advera angekuwa hai.

Siku ya tatu baada ya kumzika Advera huko Kwihara, kwenye shamba la ukoo, wazee wa pande zote mbili walikaa hapa hapa uani kwa Emilian, Isevya mjini Tabora, gari lenyewe limeshavutwa na kuegeshwa ukutani. Tobias akasema kwamba alipokanyaga, gari lilimvuta kulia. Emilian akainuka mbele ya watu wote, akaingia kwenye usukani, akakanyaga pedeli mara tatu. Ilikuwa ngumu, kama inavyotakiwa.

"Breki nzima," akawaambia wazee. "Nilizifunga mwenyewe. Huyu alisinzia."

Tobias alifungua mdomo. Akamtazama Emilian, akamtazama Apolinaria aliyekuwa amekaa mlangoni kajifunika khanga mpaka usoni, kisha akaufunga mdomo wake na hakusema tena mpaka kikao kilipovunjika. Emilian alikichukulia kimya kile kuwa ndiko kukiri kosa. Tangu siku hiyo gari likabaki uani, na Kabula, mtoto wa Advera na Tobias, wakati huo akiwa na miaka miwili, akabaki ndani. Kila Desemba Tobias alikuja na nguo za mtoto. Kila Desemba Apolinaria, kwa amri ya mumewe, alizipokea getini na kufunga.

Mwaka huu alikuja na ombi. Kabula anaanza darasa la kwanza Januari. Aliomba amchukue akasome Bukene, kwenye shule anayofundisha yeye. Emilian alimjibu kupitia getini kwamba gari atapewa, tena litatengenezwa ili liondoke machoni pake.

"Lakini mtoto humpati," alisema. "Umeshamaliza mmoja. Wa pili sikupi."

Basi siku mbili nzima alikuwa amelishughulikia. Alianza na mfumo wa kupoza injini. Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa mekundu kwa kutu, mazito, akalisuuza rejeta mara nne mpaka likatoa maji ya kunyweka. Akabadilisha mipira iliyokuwa imekauka na kupasuka. Themostati, kile kilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto, akaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto, akairudisha mahali pake. Mafundi wenzake wengi huing'oa na kuitupa, wakisema nchi yetu ina joto haiihitaji, na Emilian alikuwa akiwaita wachinjaji, mbele ya wateja wao. Injini ilipowaka na mshale wa joto ukapanda na kutulia katikati, alijisikia vizuri kidogo. Kazi nzuri ilikuwa bado inamfurahisha, hata akiwa anamfanyia mtu asiyempenda.

Leo ilikuwa zamu ya breki za mbele. Kulia hakukuwa na tabu: pedi zilikuwa zimeanza kulika, akafunga mpya, Tobias akakanyaga, mafuta ya breki yakatoka na mapovu yake, yakaja safi. Wakahamia kushoto. Emilian alipotoa gurudumu la kushoto aliona kitu kilichomfanya akune kichwa. Pedi zilikuwa nene, karibu kama zilivyotoka kwenye boksi, ilhali pande zote mbili zilifungwa siku moja. Akadhani ni kutu iliyoigandisha breki ya upande ule. Akazibadilisha, akalala chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia."

Akafungua kijinati. Hakikutoka kitu, hata tone. Akakichokoa tundu kwa waya, akarudia. Hakuna. Basi mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, umeziba, alijisemea, akaufuata mpaka pale unapokutana na bomba la chuma. Kwenye nati ile palikuwa na mstari mwekundu.

Mstari huo Isevya nzima inaujua. Kila nati anayoikaza Emilian huipaka rangi ya kucha, mstari mmoja, ili akitazama ajue imekazwa na nani. Kichupa cha kwanza alikipora kwa Advera, siku Advera alipotaka kwenda nacho shule, na tangu hapo hajawahi kutumia rangi nyingine. Hakuna fundi mwingine mwenye mstari ule. Alifurahi kuuona. Akaweka spana, akafungua, mpira ukaachia, na kitu kidogo kikaanguka kwenye karai, kikalia ti, kikaviringika mpaka pembeni.

Ilikuwa gololi. Gololi ya baiskeli.

Emilian aliitazama kwa muda bila kuelewa anatazama nini. Joto la saa nne lilikuwa limeshapanda, bati la gari lilikuwa linachoma, lakini vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyevitoa kisimani. Akaichukua ile gololi. Ikamponyoka. Akaichukua tena.

Puge. Walikuwa njiani kutoka Bukene kuja Tabora, watatu, yeye na Tobias na Advera, mwezi mmoja kabla ya ajali. Mpira wa breki wa kushoto ukapasuka. Akaomba gololi kwa mtengeneza baiskeli wa pale, akaiweka mdomoni mwa bomba, akakaza, ili mafuta yasipotee na breki za magurudumu mengine zifanye kazi. Kila fundi wa barabara ndefu anaijua mbinu hiyo, na kila fundi anajua kwamba ni ya kukufikisha nyumbani tu. Advera alicheka akasema baba anaweza kutengeneza gari kwa vitu vya mifukoni mwa watoto. Kesho yake mpira mpya ulipatikana. Emilian alikuwa na malaria, anatetemeka, Apolinaria anamwita akalale. Akapiga goti, akafunga mpira mpya na pedi mpya kushoto na kulia, akakanyaga pedeli. Ilikuwa ngumu vizuri sana, akaona hakuna haja hata ya kutoa upepo. Akapaka mstari mwekundu akaenda kulala, na alilala wiki nzima.

Pedeli ilikuwa ngumu kwa sababu gololi ilikuwa bado imo.

Mambo mengine yakaja yenyewe, moja baada ya jingine, na hakuweza kuyazuia. Simu ya Tobias, siku chache baadaye: baba, gari linavuta kulia kidogo. Na jibu lake mwenyewe, akiwa kitandani, amekereka: ni tairi hiyo, ongeza upepo. Pedi nene za kushoto, ambazo hazikuwahi kushika diski. Ng'ombe barabarani. Gurudumu la kulia linashika, la kushoto linaenda zake, gari linazunguka, mlango wa kushoto ndio unaotangulia. Aliyaona yote kwa jicho la fundi, hatua kwa hatua, jinsi ambavyo angemweleza mteja.

Ndani ya nyumba Kabula alikuwa anamsomea bibi yake a, e, i, o, u, kwa sauti ya kujidai.

Gololi yenyewe ilikuwa ndogo, hata kuku angeimeza. Hakuna aliyeiona. Ingeingia mfukoni, mpira ungefungwa, breki zingetolewa upepo, Tobias angeondoka na gari lake na Kabula angebaki anasoma irabu pale pale. Akifungua mdomo, mtoto anaondoka. Kwa haki gani tena angemzuia? Mkono wake ulishafika mfukoni, na tusimsafishe, ulikaa humo kwa muda.

"Vipi, baba?" Tobias akauliza kutoka kwenye usukani. "Niendelee kushikilia?"

Mtu huyu alikuwa bado ameshikilia. Muda wote huo mguu wake ulikuwa juu ya pedeli, kwa sababu hakuambiwa aachie.

"Achia," Emilian alisema. Kisha akasema, "Tobias." Jina hilo hakuwa amelitamka miaka minne, na lilimtoka vibaya. "Ile gololi ya Puge. Sikuitoa. Nilifunga mpira nikaiacha ndani."

Pedeli ikarudi juu taratibu.

"Najua, baba."

Emilian alijitoa chini ya gari kwa haraka akajigonga utosi, na hakusikia maumivu. Akasimama dirishani. Tobias alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama ukuta.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kikao. Hospitali nilikuwa najiuliza, nikasema labda mpira ulipasuka tena. Lakini ungepasuka, pedeli ingezama. Ulipoikanyaga mbele ya wazee ikakataa kuzama, nikakumbuka gololi."

"Ukanyamaza."

"Nilimtazama mama pale mlangoni. Alikuwa amezika mtoto juzi yake. Nikaona nikisema, atakuwa amezika na mume." Tobias akaachia usukani. "Nikasema akishapoa nitakuambia wewe peke yako. Nilipokuja Desemba hukutoka nje. Mwaka wa pili ikawa vigumu zaidi kusema. Halafu na mimi nina fungu langu, baba. Nilijua linavuta, nikampakia Advera humo."

"Mwaka huu umekuja kuomba mtoto. Ungesema jambo hili, ungempata siku hiyo hiyo."

"Nilitaka unipe. Sikutaka kukunyang'anya."

Emilian alikuwa mtu wa majibu, watu wa Isevya walikuwa wanamjua kwa hilo, na sasa alisimama pale uani na gololi mkononi kama aliyeokota kitu cha mtu.

"Itupe, baba," Tobias alisema. "Mama asijue."

Lakini Emilian alikuwa ameshageuka. Alimkuta Apolinaria kwenye kizingiti cha jikoni, anachambua mchele kwenye ungo, Kabula pembeni na daftari lake. Akamwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kujitetea kwa malaria. Akamfungulia kiganja aone.

Apolinaria aliitazama gololi. Mkono wake uliendelea kutembea kwenye mchele, unatafuta mawe, kisha ukasimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Tobias. Tangu siku ya kikao. Alinyamaza kwa ajili yako."

Akauweka ungo chini.

"Miaka minne nimemfungia kijana yule geti," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulikuwa unasimama nyuma yangu, Emilian, unahakikisha nimefunga."

Hakumsubiri ajibu. Akainuka na magoti yake yale, akampita mumewe, akatoka uani. Kwa desturi zetu mama mkwe hakai karibu na mkwewe. Humsalimia kwa mbali na kupisha njia. Apolinaria alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akauvuta mlango wa kushoto, ule uliobonyea, ukalia kwa kutu mpaka ukafunguka, akaingia akakaa kwenye kiti cha Advera. Alikaa hapo bega kwa bega na Tobias. Baadaye akaita.

"Kabula. Njoo umwamkie baba yako. Utaondoka naye leo."

Mtoto alikwenda na daftari lake kwapani. "Shikamoo," alisema, akiwa bado mbali kidogo.

"Marahaba, mama," Tobias akaitikia, na hapo ndipo alipolia.

Emilian alirudi chini ya gari, kwa sababu gari hilo sasa lilikuwa linakwenda kumbeba Kabula na hakukuwa na mtu mwingine wa kulimaliza. Akafunga mpira kwenye bomba tupu. Kanyaga, shikilia, achia. Mafuta yakaja, kwanza na mapovu, kisha safi, kutoka kwenye tundu ambalo lilikuwa kavu miaka yote ile. Aliyatoa mara tatu zaidi ya ilivyohitajika. Mikono yake ilikuwa haitulii na alikuwa anajua.

Alipomaliza alichukua kichupa cha rangi ya kucha, akakitazama, akakirudisha kwenye boksi bila kukifungua. Akamwita Tobias, akampa spana. Hakuwa amewahi kumpa mtu akague kazi yake, tangu aanze ufundi.

"Pitia nati zote," alisema. "Moja moja. Sirudishi gurudumu mpaka wewe useme."

Tobias akapiga goti. Ya kwanza ilikuwa imekaza. Ya pili, imekaza. Kabula alisogea akachuchumaa kati yao, akawa anamhesabia. Ya tatu imekaza. Spana ikakaa kwenye ya nne, ile ya mpira na bomba, Tobias akavuta, na nati ikazunguka robo nzima.

Akainua macho. Emilian alikuwa ameona.

"Kaza," alimwambia.