Maziwa Kwenye Utando

Picha ya kipimo ilitoka nyeusi tii, juu hadi chini, hapo maabara ninapofanya kazi.

Damu tuliyoipima ilikuwa ya mdogo wangu, fundi friji, mgonjwa wa saratani ya damu. Ndani ya seli zake kuna kimeng'enya chenye kiherehere: kinazibandika protini vibandiko vidogo vya fosfeti, na protini ikishabandikwa huamka na kuiamuru seli izaliane. Kwa mtu mzima wa afya vibandiko hubandikwa, hubanduliwa, maisha yanaendelea. Kwake ni kubandika tu. Dawa anayomeza ilitakiwa kukifunga mikono kimeng'enya hicho. Ikigoma, daktari alishatuambia waziwazi, hana nyingine ya kumpa. Na kwenye picha zetu, penye vibandiko ndipo penye weusi.

Na mdogo wangu mwenyewe yuko nje kwenye benchi la korido, ananitumia vichekesho kwa simu! Nilitamani kumrushia kiatu.

Mkuu wa maabara, mama asiye na haraka, aliinua picha kwenye mwanga, akasonya.

"Nani kaloweka utando huu?"

"Mimi," alijibu mwenzangu tunayemwita Bingwa. "Kwenye maziwa ya unga, kama siku zote."

Utando ule hubeba protini za mgonjwa. Huwa tunauloweka kwanza, ili kingamwili inayotafuta vibandiko isigande ovyo.

"Kwa vipimo vingine sawa. Lakini protini ya maziwa nayo imejaa fosfeti, baba! Hapa umempima ng'ombe."

Nilitaka kumkaba Bingwa na kumkumbatia kwa mpigo. Tukaanza upya kwa damu ileile, utando mpya tukauloweka kwenye albumini, protini isiyo na vibandiko hivyo. Hakuna aliyekumbuka kula.

Picha ya pili ilitoka safi. Upande wa damu yake ya kabla ya dawa, tuliyokuwa tumeihifadhi, mstari mweusi mnene. Upande wa damu ya leo, hamna kitu. Mkuu aliitazama mara mbili, akanisukuma mlangoni.

Nilifika kwenye benchi machozi yananitiririka, mjinga mimi.

Mdogo wangu akaweka simu chini. "Usilie, dada. Mama nitamwambia mwenyewe. Nimeshapanga maneno."

"Dawa imefanya kazi, wewe!" nilipayuka, korido nzima ikageuka.

Akaficha uso kwenye koti langu jeupe, akaniomba nirudie. Nikarudia, tena na tena, mpaka mabega yake yakaacha kutetemeka.